Mimea ya shaba ilindwe kabla vilima havijaisha

LUBUMBASHI – Wakaaji wa Katanga wanajua tangu zamani kwamba kilima kisicho na miti katikati ya pori la miombo mara nyingi kinaficha shaba. Udongo wake una madini mengi mno, mizizi ya miti haiyavumilii. Yanabaki majani na maua madogo, na zaidi ya aina 30 kati yake hazioti popote pengine duniani ila kwenye udongo huo wa Katanga.

Mimea hiyo haina nguvu kuliko mingine. Kwenye udongo wa kawaida, mingi husongwa na majani marefu na kivuli cha miti. Imepata nafasi yake pale ambapo wapinzani hawawezi kuishi. Mmoja, Haumaniastrum katangense, huota hata mahali ambapo mababu waliyeyusha shaba karne nyingi zilizopita, na wachimbuzi wa mambo ya kale wameufuata kutafuta tanuru zao.

Shida ni kwamba mmea na jiwe la shaba viko kilima kimoja. Kampuni inapochimba, inaanza na udongo wa juu. Crepidorhopalon perennis unajulikana mahali pamoja tu: Étoile, karibu na Lubumbashi, mgodi ulioanza kuchimbwa 1911. Ukitoweka hapo, umetoweka duniani.

Wengine watasema watu hawali maua, na kwamba mgodi unalisha jamaa nyingi. Ni kweli. Lakini watazame Penga-Penga. Moshi wa kiwanda cha kuyeyusha shaba, kilichoanza 1911, uliua miti na kuacha udongo mtupu wenye sumu. Kiangazi kikifika, vumbi lake linaingia nyumbani na watoto wanalivuta. Jani linaloweza kuota hapo ni Microchloa altera. Watafiti wa kitivo cha kilimo cha UNILU wamelijaribu pamoja na chokaa na mboji. Haliondoi shaba ardhini, ila linashika udongo usipeperuke. Anayepoteza mimea hii anapoteza dawa ya vidonda ambavyo migodi ya leo itaviacha kesho.

Hakuna haja ya kufunga migodi. Huko Tenke-Fungurume, kampuni na watafiti walikusanya mbegu na kuhamisha mimea kabla ya kuchimba. Code minier, iliyorekebishwa 2018, inadai kila mradi uwe na mpango wa kulinda mazingira. Serikali ikatae mpango wowote usiotaja mimea ya kilima husika, na ichague vilima vichache visivyoguswa kabisa.

Bei ya shaba hushuka na kupanda tena. Mmea ulioishi mahali pamoja tu haurudi.