Timu bila nchi: Kwa nini wanawake wa Afghanistan wanacheza mpira ugenini?

Mwishoni mwa Oktoba 2025, timu moja ya wanawake iliingia uwanjani nchini Morocco ikafungwa na Chad mabao 6-1. Siku chache baadaye ikafungwa na Tunisia 4-0. Katika mechi ya tatu ikaichapa Libya 7-0.

Kwa timu nyingine, hayo yangekuwa matokeo ya mechi za kirafiki, yasomwe na kusahauliwa. Lakini wachezaji hawa ni wanawake wa Afghanistan, na hakuna hata mmoja wao anayeruhusiwa kucheza mpira nyumbani kwao. Walifika Morocco wakitokea Australia na Ulaya, wanakoishi kama wakimbizi.

Wamezuiwaje kucheza? Na kwa nini hata baada ya kukimbia nchi, bado iliwachukua miaka minne kurudi uwanjani kama timu? Tunaeleza.

Jezi zilizochomwa moto

Taliban walitawala Afghanistan kwa mara ya kwanza kuanzia 1996 hadi 2001. Wakati huo wasichana walikatazwa shule, sembuse mpira. Utawala huo ulipoanguka, wasichana wachache wa Kabul walianza kucheza, mara nyingi kwa kujificha. Mmoja wao ni Khalida Popal, aliyekuwa miongoni mwa walioanzisha timu ya taifa mwaka 2007 na akawa nahodha.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Katika mashindano ya Asia Kusini mwaka 2010, Nepal iliwafunga 13-0. Lakini kipigo cha uwanjani kilikuwa afadhali kuliko vitisho vya mitaani. Mwaka 2011 Popal alilazimika kukimbia nchi, na baadaye akapata hifadhi Denmark.

Hatari haikutoka kwa Taliban peke yao. Mwaka 2018 wachezaji walijitokeza kueleza kwamba walinyanyaswa kingono na viongozi wa soka wa nchi hiyo. Mwaka uliofuata Shirikisho la Soka Duniani, FIFA, lilimfungia maisha rais wa shirikisho la Afghanistan, Keramuddin Karim.

Tarehe 15 Agosti 2021 Taliban walirudi Kabul. Popal, akiwa Denmark, aliwataka wachezaji wachome jezi zao na kufuta picha zao mitandaoni. Mwanamke aliyetumia miaka mingi kuwahimiza wasichana wajitokeze, sasa aliwaambia wajifiche ili wapone. Siku chache baadaye, ndege za Australia ziliwaondoa wachezaji, maofisa na jamaa zao, zaidi ya watu 75. Wasichana wa timu za vijana walipata hifadhi Ureno na Uingereza.

Waliobaki walifungiwa mlango mmoja baada ya mwingine. Shule za sekondari hazikuwafungulia tena wasichana. Mwaka 2022 wanawake walizuiwa kuingia kwenye bustani za mapumziko na kumbi za mazoezi, kisha vyuo vikuu.

Kikwazo cha pili: muhuri wa shirikisho

Waliofika Australia walirudi mazoezini, na tangu 2022 wamecheza ligi za jimbo la Victoria wakisaidiwa na klabu ya Melbourne Victory. Lakini hawakuweza kucheza kwa jina la nchi yao. Hapo ndipo penye kiini cha suala hili.

Kwa utaratibu wa FIFA wa wakati huo, timu ya taifa ilibidi itambuliwe na shirikisho la nchi husika. Shirikisho la Afghanistan liko Kabul, chini ya utawala uliopiga marufuku mpira wa wanawake. Kwa hiyo waliowakataza wasicheze ndio hao hao waliotakiwa kuwapa ruhusa ya kucheza. Wakati huo huo, timu ya wanaume ya Afghanistan imeendelea kushiriki michezo ya kufuzu kama kawaida.

Wasikilizaji wetu wa Kenya wanajua FIFA inaweza kuwa mkali. Serikali ya Kenya ilipolivunja shirikisho la soka Novemba 2021, FIFA iliifungia nchi hiyo Februari 2022 kwa kosa la serikali kuingilia mpira, na adhabu ikaondolewa Novemba mwaka huo. Mtu anaweza kuuliza: ikiwa kuvunja ofisi ni kuingilia, kuwakataza wanawake wote wa nchi wasicheze ni nini?

Hata hivyo, mfano huo wa Kenya una funzo jingine. Katika mgogoro ule, timu ya wanawake, Harambee Starlets, iliondolewa katika michezo ya kufuzu AFCON na mechi yake dhidi ya Uganda haikuchezwa. Kuifungia Afghanistan kungewaadhibu wavulana wasio na kosa, bila kumrudisha msichana hata mmoja uwanjani. Ndiyo maana Popal na wenzake wamedai jambo lililo dogo kuliko hilo: timu ya wanawake itambuliwe bila saini ya Kabul.

Nini kimebadilika?

Mei 2025 Baraza la FIFA liliidhinisha timu ya wakimbizi wa Afghanistan, ambayo sasa inaitwa Afghan Women United. Ndiyo iliyocheza Morocco. Ni hatua ya kweli: kuna kocha, kuna kambi za mazoezi, kuna mechi dhidi ya mataifa mengine.

Lakini hadi Novemba 2025, timu hiyo bado haikuwa timu ya taifa. Haikuweza kucheza kuwania nafasi ya Kombe la Dunia. Kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024 njia ilipatikana: Afghanistan iliwakilishwa na wanamichezo sita, watatu wanawake, ingawa Taliban walisema hawawatambui wanawake hao. Kama iliwezekana huko, ilikuwa vigumu kuelewa kwa nini isiwezekane kwenye soka.

Si Afghanistan peke yake

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya dini au ya mila za huko. Historia inasema vingine. England, nchi ulikozaliwa mpira tunaoucheza leo, iliwazuia wanawake kutumia viwanja vya klabu zake mwaka 1921, muda mfupi baada ya mechi moja ya wanawake kuvuta watazamaji wapatao 53,000. Walisema mpira haufai kwa wanawake. Marufuku hiyo ilidumu kwa takriban miaka 50. Brazil nayo ilipiga marufuku kwa sheria kuanzia 1941 hadi 1979.

Leo nchi hizo mbili zina timu za wanawake zinazoogopwa duniani. Kwa hiyo marufuku huondoka. Ila haziondoki zenyewe, na msichana wa miaka 15 hawezi kusubiri miaka 50.

Wale wa Morocco angalau wamecheza. Huko Kabul, Herat na vijijini kuna wasichana ambao hawakupata nafasi kwenye ndege. Kwao, bao la mwenzao likionekana kwenye simu kwa siri ni ushahidi kwamba bado wanahesabiwa. Kilichobaki wakati huo kilikuwa ni kwa FIFA kuwahesabu pia.