JOTO LIANZIE LINDONI

Baridi ya Juni na Julai haitambui mipaka iliyochorwa na wakoloni. Ile iumayo Makete, Njombe na Mafinga ndiyo hiyo hiyo iumayo kwa jirani zetu wa Malawi, katika mji wa Lilongwe na wilaya ya Dowa. Lilongwe, mji mkuu wa nchi hiyo tangu mwaka 1975, umejengwa zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa miezi hiyo joto huweza kushuka hadi nyuzi 8 za Sentigredi au chini yake. Wageni wengi hudhani kwamba Afrika yetu ni jua tupu. Askari anayelinda lango saa kumi alfajiri hahitaji kufundishwa ukweli wa mambo.

Siku hizi wauzaji wa mitambo wanazisifu sana mashine za kiyoyozi ambazo, mbali na kupoza vyumba, huweza pia kuvipasha joto. Nyingine hufanya kazi hiyo kwa njia mbili kwa pamoja, yaani kwa kupuliza hewa ya vuguvugu na kwa kuangaza joto kutoka kwenye bamba au sakafu. Sisi hatuna ugomvi na mashine hizo. Kinyume chake, tunaziunga mkono. Lakini tunalo jambo moja la kusema juu yake. Iwapo Jeshi, Polisi au ofisi yoyote ya umma itazinunua, mashine ya kwanza ifungwe lindoni, ya pili zahanati na ya tatu chumba cha mahabusu. Ofisi ya mkubwa ingoje zamu yake.

Ili hoja yetu ieleweke, hatuna budi kwanza kueleza namna mashine hizi zinavyofanya kazi. Hita ya kawaida yenye waya unaogeuka mwekundu hugeuza umeme kuwa joto, na kila uniti moja ya umeme hutoa uniti moja tu ya joto. Pampu ya joto haitengenezi joto, hulihamisha. Anayetaka ushahidi na aupitishe mkono nyuma ya jokofu: ataona pana joto, kwa kuwa joto lililotolewa katika chakula limetupwa huko. Kiyoyozi cha aina hii ni jokofu lililogeuzwa. Hata hewa ya nje yenye nyuzi 8 ina joto ndani yake. Gesi maalumu iliyo baridi zaidi kuliko hewa hiyo hulinyonya joto hilo, kompresa huigandamiza gesi mpaka ikawa ya moto, kisha joto huachiwa ndani ya chumba. Kwa njia hiyo uniti moja ya umeme huleta uniti 3 za joto, na pengine 4. Wazo lenyewe si geni, kwani mwanasayansi William Thomson, aliyejulikana baadaye kama Lord Kelvin, alilieleza tangu mwaka 1852.

Sasa tuzitazame zile njia mbili. Hewa ya vuguvugu hukipasha chumba upesi, lakini hewa ya moto ni nyepesi, hupanda darini na kuiacha miguu katika baridi. Na kila mlango unapofunguliwa, hewa hiyo hutoka na kwenda zake. Joto la kuangaza ni kama lile tunaloliota asubuhi tukiegemea ukuta unaotazama mashariki: hewa bado ina baridi, lakini mwili unapata joto kwa sababu jua limeufikia moja kwa moja. Bamba lililopashwa, au sakafu yenye mabomba ya maji moto chini yake, hufanya vivyo hivyo. Wakorea wamepasha sakafu za nyumba zao kwa karne nyingi, na Warumi wa kale waliupitisha moshi wa moto chini ya sakafu za mabafu yao. Kasoro yake ni kwamba huchelewa kushika. Kwa hiyo wanaoziunganisha njia hizi mbili wana akili: hewa hukitoa chumba katika baridi kwa haraka, na joto la kuangaza hubaki likimtunza mtu.

Hapo ndipo hoja ya lindo inapopata nguvu. Ofisini mlango hufungwa, na aliyemo amevaa koti na amekaa kitini. Kibanda cha mlinzi hakifungwi. Dirisha liko wazi ili aone, na mlango hufunguliwa kila gari linapofika. Humo hewa ya moto peke yake ni hasara tupu, bali bamba la kuangaza lililo karibu na miguu na mgongo wake litamfaa hata dirisha likiwa wazi. Kwa maneno mengine, mashine hii yenye njia mbili inafaa zaidi pale ambapo kwa kawaida haipelekwi.

Sasa twende Dzaleka, maana huko ndiko somo linakotuingia sawasawa. Dzaleka iko wilayani Dowa, zaidi ya kilometa 40 kaskazini ya Lilongwe. Zamani, katika utawala wa Rais Kamuzu Banda, palikuwa gereza la wafungwa wa siasa, na jina lake kwa Kichewa hubeba maana ya mtu anayesema hatarudia tena. Tangu mwaka 1994 ni makazi ya wakimbizi. Yalikusudiwa watu wapatao 10,000 hivi, na leo yanabeba zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kiswahili husikika huko kila siku, sokoni na majumbani.

Wapiganaji wetu hawawezi kuwaita watu hawa wageni. Mwaka 2013 Umoja wa Mataifa ulipounda Brigedi ya Kujibu Mashambulizi mashariki ya Kongo, walioingia bega kwa bega walikuwa askari wa Tanzania, Malawi na Afrika Kusini. Majeshi hayo hayo matatu yalirudi huko chini ya bendera ya SADC kuanzia Desemba 2023 hadi yalipoondolewa mwaka 2025. Wengi wa Wakongo walioko Dzaleka waliikimbia vita ile ile ambayo askari wetu waliikabili. Aliyewahi kumlinda raia kule Kivu hana sababu ya kutouliza raia huyo analalaje Dowa.

Wengi hulala katika nyumba ndogo za matofali, nyingine zimeezekwa kwa bati, nyingine kwa nyasi au maturubali. Mwaka 2023 Serikali ya Malawi ilipoamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini, na vyombo vya dola vikatumwa kuitekeleza amri hiyo, msongamano ulizidi. Kaya nyingi hazina umeme. Kiyoyozi cha ukutani, kiwe cha njia moja au mbili, kwao ni hadithi ya mbali. Kilichopo ni jiko la mkaa, ambalo Wamalawi huliita mbaula, na usiku wa baridi jiko hilo huingizwa ndani na mlango ukafungwa.

Jambo hili twataka lisikike katika kila kambi na kila kituo. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi ya monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, wala haikohozi mtu. Hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na damu hukosa nafasi ya kubeba uhai. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Anayelala nayo huenda asiamke. Mkaa uliokwisha kushika na usiotoa moshi hudhaniwa kuwa salama, kumbe huo ndio unaohadaa. Hatari hii haimchagui mkimbizi. Inamngoja pia mlinzi wa zamu aliyejifungia kibandani na jiko lake, na kuruta aliyeliingiza bwenini kwa siri. Kamanda ambaye hakumpa mlinzi wake njia nyingine ya kuota, kisha akaishia kupiga marufuku jiko, ametoa amri nusu.

Zaidi ya hayo, mkaa una gharama nyingine inayotugusa sisi wenye sare. Karibu na Lilongwe upo msitu wa hifadhi wa Dzalanyama, ambamo mto Lilongwe unapata maji yanayonywewa na mji huo. Uharibifu wa wachoma mkaa na wakata kuni ulipozidi, askari wa Jeshi la Malawi walipelekwa kuulinda. Haifai taifa lolote limtume askari kuulinda msitu mchana, kisha limwachie usiku aote mkaa wa msitu huo huo kwa kukosa kingine. Hapa kwetu Serikali ilizindua mwaka 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo mwaka 2034. Mkakati huo unahusu chungu cha chakula. Umefika wakati kambi zetu za nyanda za juu ziufikirie pia moto wa kuota.

Wako watakaosema kwamba umeme wenyewe hautoshi. Hoja hiyo ni nzito, na Malawi inaijua kuliko wengi. Sehemu kubwa ya umeme wake hutoka katika mto Shire. Januari 2022 kimbunga Ana kilipokibomoa kituo cha Kapichira, karibu megawati 130 zilipotea kwa mkupuo, na nchi ikakaa na upungufu hadi mwaka 2023 kituo kiliporudishwa kazini. Lakini upungufu ndio sababu ya kuhama kutoka kwenye hita ya waya. Tuchukue mfano wa vyumba 100 vya umma mjini Lilongwe, kila kimoja kikihitaji kilowati 3 za joto. Kwa hita za waya vitanyonya kilowati 300. Kwa pampu za joto, kilowati 100 hivi zatosha. Kilowati 200 zinazobaki zaweza kuwasha taa 20,000 za wati 10 kila moja. Hatusemi kwamba taa hizo zitajitundika zenyewe Dzaleka, maana nguzo na waya zinahitaji fedha. Tunasema kwamba anayetapanya umeme Lilongwe hana haki ya kumwambia wa Dzaleka kuwa umeme haupo.

Wako pia watakaosema kwamba askari ni mtu wa kuvumilia. Ni kweli, nasi tuliopitia chuo cha maafisa cha Monduli tulifundishwa kuvumilia baridi pasipo kunung'unika. Lakini uvumilivu ni silaha ya porini, mahali pasipokuwa na jingine. Kumtesa mtu langoni kwa sababu hakuna aliyemkumbuka kwenye bajeti hakumwongezei ukakamavu. Vidole vilivyokufa ganzi havijazi kitabu cha lindo wala havishiki silaha sawasawa. Na mahabusu, hata kama ametuhumiwa kwa kosa zito, yumo chini ya dhamana yetu mpaka mahakama iseme neno lake.

Kabla ya kununua mashine yoyote, yako mambo yasiyohitaji fedha nyingi. Kwanza, mlinzi wa usiku apewe koti zito na blanketi. Pili, paa la bati liwekewe dari, hata ya mikeka au magunia yaliyofumwa pamoja. Usiku wa anga jeupe bati hupoa kuliko hewa yenyewe, na mwili wa mtu aliye chini yake hulipoteza joto lake kuelekea huko. Tatu, nyufa za ukuta na chini ya mlango zizibwe, ila jiko la mkaa lisiingie kamwe katika chumba hicho. Nne, maji yachemshwe nje na kutiwa katika chupa madhubuti iliyofungwa kitambaa, au tofali lipashwe nje na kuviringishwa gunia, lisiwe la moto wa kuunguza. Hilo nalo ni joto lililohamishwa kutoka mahali pamoja kwenda pengine; kanuni yake inamfaa mtu wa Dzaleka leo hii, pasipo waya wala nguzo.

Palipo na umeme, maofisa wa ugavi wakague kwanza viyoyozi vilivyokwisha kununuliwa. Rimoti ikiwa na alama ya jua, mashine hiyo yaweza kupasha joto, na huenda imekaa miaka ikipoza tu huku hita ya waya ikiunguza umeme pembeni yake. Ielekeze hewa chini, isafishwe chujio lake, iwekwe nyuzi 20 au 22, isipandishwe hadi 28 kwa tamaa. Inaponunuliwa mpya kwa ajili ya lindo, iulizwe ile yenye bamba la kuangaza, na fundi aeleze itakavyofanya kazi mlango ukiwa wazi.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, walisema wahenga, na aliye karibu na hita hamjui aliye getini. Makamanda wa vikosi na wakuu wa vituo tunawaomba kitu kidogo. Usiku mmoja wa Julai, saa kumi alfajiri, waende wakasimame nusu saa pamoja na mlinzi wao, pasipo kumtangulizia habari. Kisha asubuhi waiandike orodha ya mahitaji ya kikosi.