Kitabu cha Pili Ni cha Nani?



Tukikutana wazazi Waswahili hapa Lusail, tukishamaliza habari za kodi ya nyumba, ada za shule na nani anasafiri lini, mazungumzo huishia kwa watoto. Kuhusu simu sote tunalalamika kwa sauti moja. Kuhusu vitabu tunagawanyika. Mmoja atasema, "Afadhali yako wewe, wako anasoma." Mwenzake atajibu, "Anasoma, lakini anasoma nini? Majoka na wafalme wasiokuwako, kurasa 600, yote kwa Kiingereza. Ukimpa simu azungumze na bibi yake, sentensi tatu zimemshinda."

Malalamiko hayo nayaelewa, maana nyumbani kwangu pia yapo. Lakini mwezi huu sina nia ya kuwashauri muwanyang'anye watoto vitabu vyao. Nataka kuzungumzia riwaya mbili za fantasia, ya kwanza na mwendelezo wake, ambazo mimi na binti yangu wa miaka 16 tumezisoma kwa kupokezana. Zimetuachia swali ambalo, kwa maoni yangu, linazigusa sana familia zinazoishi mbali na kwao.

Mtoto wa visiwani na mji wa vitabu

Mwandishi ni Sofia Samatar. Baba yake alikuwa mwanahistoria Msomali, Said Sheikh Samatar. Mama yake ni Mmarekani. Sofia alizaliwa Marekani mwaka 1971, akasomea lugha na fasihi za Afrika katika Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison. Aliwahi kufundisha Kiingereza Yambio, Sudan Kusini, kisha Misri, na ni huko Yambio alikoandika rasimu ya riwaya yake ya kwanza, A Stranger in Olondria. Ilitoka mwaka 2013 kwa mchapishaji mdogo, Small Beer Press, na mwaka uliofuata ikashinda World Fantasy Award, mojawapo ya tuzo kubwa kabisa za fantasia. Mwendelezo wake, The Winged Histories, ulitoka mwaka 2016.

Riwaya ya kwanza inasimuliwa na Jevick, mtoto wa mfanyabiashara wa pilipili manga katika kisiwa cha Tinimavet. Lugha ya kwao haina maandishi. Baba yake, kwa kuogopa mwanawe asije akapunjwa sokoni, anamletea mwalimu kutoka Olondria, dola kubwa ng'ambo ya bahari, amfundishe lugha ya huko. Mwalimu anakuja na vitabu. Kijana ambaye hajawahi kuona kitabu anazama humo, na tangu siku hiyo Olondria inakuwa ndoto yake. Baba anapofariki, yeye ndiye anayevuka bahari kupeleka pilipili katika mji wa Bain.

Huko anaanza kuandamwa na mzuka. Ni wa msichana aitwaye Jissavet, mtu wa visiwani kama yeye, waliyekutana melini alipokuwa akipelekwa ugenini kutafuta tiba. Amefia ugenini, akazikwa kwa desturi za ugenini badala ya kuchomwa kama wafanyavyo kwao, na roho yake haipati utulivu. Isitoshe, ana jambo jingine analolidai kwa Jevick: anataka maisha yake yaandikwe kitabu.

Hapo niliweka kitabu chini kidogo. Nani kati yetu tunaoishi Ghuba hajawahi kuchangia gharama za kusafirisha maiti kwenda kwao? Ujumbe unaingia kwenye kundi la simu usiku, jina la marehemu, mji aliotoka, na kila mtu anatoa alichonacho. Hofu ya kulala katika ardhi isiyokujua haikubuniwa na mwandishi wa fantasia. Yeye ameipa sauti na jina tu.

Jevick anapokubali kuandika, anaandika kwa lugha ya visiwani kwa kutumia herufi za Olondria. Binti yangu aliona ni jambo la ajabu. Nikamwambia, mwanangu, sisi tulilifanya zamani. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi. Utendi wa Tambuka, wenye mwaka 1728, uliandikwa Pate kwa herufi hizo hizo. Baadaye tukachukua za Kirumi, hizi unazozisoma sasa. Herufi tuliazima, maneno ni yetu.

Dunia yenye tabaka

Jambo linalozitofautisha riwaya hizi na nyingi za aina yake ni uzito wa dunia iliyobuniwa. Olondria ina zaidi ya ramani na majumba ya kifalme. Ina washairi ambao watu wananukuu beti zao, ina vitabu ndani ya kitabu, ina vyakula na sikukuu, na ina dini mbili zinazogombana. Wafuasi wa mungu wa kike Avalei wanaamini kwamba mtu anayesema na mizuka ni mtakatifu. Makuhani wa Jiwe, wanaotumia maisha yao kusoma maandishi yaliyochorwa juu ya jiwe, wanamwona mtu huyohuyo kuwa mwongo au mwendawazimu. Jevick, mgeni wa watu, anabanwa katikati ya ugomvi usiomhusu. Upande mmoja unamfungia, upande wa pili unataka kumtumia. Mhamiaji yeyote atamwelewa.

Vijana wanaolelewa Lusail wana bahati ya kulielewa jambo hili la tabaka. Ukiutazama mji wetu, minara ya vioo, tramu, bulevadi, na uwanja uliochezewa fainali ya Kombe la Dunia tarehe 18 Desemba 2022, utadhani umeanza juzi. Lakini Sheikh Jassim bin Mohammed Al Thani, anayehesabiwa kuwa mwasisi wa Qatar, aliishi Lusail na ndiko alikofia mwaka 1913. Chini ya mji mpya pana mji wa zamani. Mwandishi mzuri wa fantasia hujenga hivyo: unaposoma unahisi kwamba kabla ya ukurasa wa kwanza watu walikwisha ishi, wakapendana na wakazikana.

Mwendelezo usiorefusha hadithi

Sasa nifike kwenye hoja yangu. Riwaya nyingi za pili huja na shujaa yuleyule, adui mkubwa zaidi na vita virefu zaidi. Msomaji anapata alichokizoea, na hakuna ubaya. The Winged Histories inakwenda njia nyingine. Jevick si msimulizi tena. Olondria ile aliyoiota imeingia vitani, jimbo la Kestenya linataka kujitenga, na habari hizo tunazipata kupitia wanawake wanne.

Tavis ni msichana wa ukoo mkubwa aliyetoroka kwao akaingia jeshini. Tialon ni binti wa Kuhani wa Jiwe, aliyelelewa na baba ambaye jiwe lilimshughulisha kuliko mtoto. Seren ni mshairi wa jamii ya wafugaji wanaohamahama, anayejiuliza ni nani hasa anayelipia vita vinavyosifiwa katika nyimbo. Siski, dada yake Tavis, ni mpenda karamu ambaye wengi wangemdharau, na ndiye anayebaki na mzigo mzito kuliko wote. Hakuna kati yao aliye mwema moja kwa moja wala mbaya moja kwa moja. Tavis anapigania haki, na damu inamwagika kwa sababu yake. Tialon anamchukia baba yake na anamlilia.

Huyo Tialon tulikwisha kutana naye. Katika kitabu cha kwanza ni mtoto wa yule aliyemfungia Jevick, anakuja, anazungumza naye, anaondoka. Binti yangu alipofika sehemu yake katika kitabu cha pili alinijia jikoni akiwa ameshika kitabu.

"Mama, kumbe huyu alikuwa na mambo yake! Mimi nilimwona ni mtoto wa yule mzee tu."

"Jevick naye alimwona hivyo," nikamjibu.

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na sisi tulipoondoka Tanga, bibi alifanya nini siku ile?"

Nikamwambia amwulize mwenyewe. Ijumaa ilipofika akampigia. Bibi yake ana miaka 78 na hapendi maswali ya kuzungukazunguka. Akamjibu kwamba gari lilipoondoka alirudi ndani, akaosha vyombo, na jioni akapika wali wa watu sita kwa mazoea, akakumbuka yuko peke yake chungu kikiwa tayari kimeshuka jikoni. "Nikala kiporo siku mbili," akasema.

"Bibi, kiporo ni nini?"

Yule mzee alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaeleza kiporo, akaingia kwenye vyakula vya utotoni mwake, na mazungumzo ambayo kwa kawaida humalizika kwa dakika tatu yakachukua dakika 40. Mwishoni binti yangu alikuwa na nusu ukurasa kwenye daftari, kwa Kiswahili chenye makosa ya hapa na pale, na orodha ya maneno saba mapya.

Kila familia iliyohama ina kitabu cha kwanza, na msimulizi wake anajulikana. Ni yule aliyepata kazi, akapanda ndege, akahangaika na vibali, akatuma pesa. Hadithi yake tunaisimulia kila mgeni akija. Kitabu cha pili ni cha waliosimama pembeni mwa hadithi hiyo: bibi aliyebaki na chungu cha wali, mke aliyeacha kazi yake ili amfuate mume, mtoto aliyehamishwa shule bila kuulizwa, dada wa kazi aliyelea watoto wa wenzake huku wake wakilelewa na nyanya yao. Hicho hakijaandikwa katika nyumba nyingi, na wasimulizi wake wanazeeka. Jissavet alilazimika kufa na kurudi akiwa mzuka ndipo aandikwe. Bibi zetu tunaweza kuwapigia simu.

Ndiyo maana siogopi tena fantasia ya kurasa 600. Mtoto aliyezoea kukumbuka majina 40 ya kubuni na koo zake hashindwi kukumbuka majina ya shangazi zake. Anachohitaji ni mtu wa kumwambia kwamba huku nako kuna dunia yenye tabaka, na lugha yake anayo nusu mkononi.

Kabla hamjaanza kusoma

Wazazi, riwaya hizi si za watoto wadogo. Lugha yake ni ya kishairi na mwendo wake ni wa taratibu. Kitabu cha pili hasa kinadai subira, kwa sababu matukio hayafuatani kwa tarehe. Kuna vita, vifo, na mapenzi ya watu wazima, yakiwemo ya wanawake wawili. Zisomeni kwanza nyinyi, muamue kwa kadiri ya nyumba yenu. Kwa wanafunzi wa vyuo sina wasiwasi.

Mlioko Doha, uanachama wa Maktaba ya Taifa ya Qatar ni bure kwa wakazi. Kutoka Lusail panda treni ya Laini Nyekundu, badilisha Msheireb uchukue Laini ya Kijani, ushuke kituo chenye jina la maktaba yenyewe. Katalogi yake inapatikana mtandaoni, kwa hiyo tafuteni kitabu kabla ya kutoka nyumbani.

Na msidhani kwamba nchi za kubuni ni mali ya Kiingereza. Shaaban Robert, mtu wa Tanga, alichapisha Kusadikika mwaka 1951, habari za nchi iliyo angani yenye wajumbe waliotumwa pande sita na kufungwa kwa sababu ya waliyoyaona. Ni kitabu chembamba, kijana wa kidato cha pili anakimudu. Aliyekomaa zaidi amjaribu Euphrase Kezilahabi: Nagona ilitoka mwaka 1990, na Mzingile ikaifuata mwaka 1991. Ni riwaya fupi, lakini ni ngumu. Someni wawili wawili, mmoja akipotea mwingine amshike mkono.

Kazi ya mwezi huu ni ndogo. Chagueni mtu mmoja wa kwenu ambaye habari za safari yenu zimempita pembeni. Mtoto ndiye apige simu, mtoto ndiye aulize, mtoto ndiye aandike, kwa Kiswahili alichonacho. Msimsahihishe siku hiyo. Swali la kuanzia ni moja tu: siku tulipoondoka, wewe ulifanya nini?

Tukutane mwezi ujao, panapo majaaliwa.