Kisu cha Mganga na Sahani ya Nyumbani

Hapa Kisangani mtu akinenepa husifiwa, akikonda hunong'onwa. Kwa hiyo yafaa jamaa nzima ifahamu habari za kupasuliwa tumbo ili kupunguza unene uliozidi mno.

Katika njia moja inayotumika sana, waganga huondoa sehemu 8 hivi katika 10 za mfuko wa chakula. Unaobaki ni mwembamba mfano wa ndizi.

Kabla ya siku hiyo mgonjwa huacha tumbako, hupimwa damu na moyo, tena hula chakula chepesi majuma 2 hivi, ili ini lipungue na mganga apate nafasi. Akiisha kupasuliwa, sharti aondoke kitandani mapema, damu isigande miguuni. Kwanza hunywa vitu vya majimaji tu, kisha hula vyakula laini, vijiko vichache vichache. Vitamini atameza maisha yake yote.

Basi, mama, akiirudisha sahani ya lituma uliyomjazia, usinune wala usimwambie, «Umekonda, kula!» Hakukidharau chungu chako; mfuko wake hauna nafasi tena. Kazi ya mganga ni ya saa chache. Iliyosalia ni ya mgonjwa na ya nyumba yake.