Saa ya Kompyuta na Saa Yetu

Wako wenzetu hapa shuleni wasemao kwamba saa ya Kiswahili imepitwa na wakati, na kwamba aliyejifunza kompyuta yampasa kuiacha nyumbani pamoja na kibatari. Mimi sikubaliani nao hata kidogo.

Hebu tutazame kwanza jinsi kompyuta inavyojua saa. Ndani yake hamna asubuhi wala jioni. Kompyuta nyingi huhesabu sekunde tu, tangu mwanzo wa tarehe 1 Januari 1970 kwa saa ya ulimwengu, ile ya Greenwich. Mwandika programu akitaka kujua sasa ni saa ngapi, huiuliza mashine. Katika lugha ya Python husema datetime.now(). Mashine hujibu kwa saa iliyowekewa. Basi programu ikikaa katika mashine ya kukodi iliyowekwa saa ya ulimwengu, mtu wa Ujiji atapewa jibu lililo nyuma kwa saa tatu. Sharti mwandishi aitaje Africa/Dar_es_Salaam kwa jina.

Sisi wa Kigoma tuna zaidi ya hayo. Nchi nne zazunguka Ziwa Tanganyika, lakini Bujumbura, Uvira, Kalemie na Mpulungu zote zi nyuma yetu kwa saa moja. Ajabu ni kwamba jua letu ni lao! Kigoma iko karibu na nyuzi 30 mashariki, kwa hiyo jua hutufikia utosini karibu na saa saba, wala si saa sita. Kengele ya saa kumi na mbili asubuhi hulia kungali giza, na wenzetu watokao Dar es Salaam hudhani mlinzi amekosea. Saa ya mashine nayo, basi, ni mapatano ya watu tu, kama ilivyo yetu.

Sasa nitaje hasara. Mwaka jana shangazi yangu, akaaye kijiji kimoja cha mwambao, alipata ujumbe wa simu kutoka ofisi fulani kwamba afike "tarehe 03/04 saa 8:00". Ujumbe ulikuwa wa Kiswahili, naye akausoma kwa Kiswahili. Alipanda boti alfajiri, akafika mjini mapema, akangoja sokoni, akaingia ofisini saa nane kasoro robo mchana. Akaambiwa jina lake liliitwa tangu saa mbili asubuhi! Nauli ikapotea, na shamba likakaa siku mbili bila mtu. Wako watakaosema kosa ni lake. Mimi nasema kosa ni la aliyeandika programu, maana alibadili maneno yote kuwa Kiswahili akaisahau saa. Hata hiyo 03/04 ni mtego, kwani Mmarekani huisoma 4 Machi.

Dawa yake ni hesabu ya darasa la tano. Chukua saa ya mashine, kuanzia 0 hadi 23, ongeza 5, gawanya kwa 12, shika baki, kisha ongeza 1. Saa 14 hutoa 8, yaani saa nane mchana; saa 6 hutoa 12, yaani saa kumi na mbili asubuhi. Katika Python ni mstari mmoja: (saa + 5) % 12 + 1.

Kazi iko katika neno lifuatalo. Jioni yaanza saa kumi au saa kumi na moja? Bwenini tulibishana hata taa zikazimwa. Tena wazee wengi wa Ujiji huanza siku jua linapotua, hivyo usiku wao wa Ijumaa ndio usiku ambao mashine huuita Alhamisi. Mimi ningeandika "usiku wa kuamkia Ijumaa", hapo hapana wa kupotea.

Sisemi tuibadili kompyuta ndani. Humo tarehe na ikae 2025-04-03 kwa saa ya ulimwengu, maana hupangika vizuri na hata mtu wa Kalemie aweza kuitumia. Nasema juu ya kile kinachoandikwa kwa macho ya watu.

Barua za siku ya wazazi huchapwa na programu ya wanafunzi wa kompyuta. Namwomba mwalimu wetu aturuhusu tuitengeneze kabla ya muhula ujao, ili mzazi wa Kagunga asome "Jumamosi, saa nne asubuhi" ajue boti ya kupanda.