Wrath of God haina kosa, kosa ni hesabu yako

Nimevumilia vya kutosha, leo nasema. Kila panapokaa vijana watatu wanaocheza Magic: The Gathering, hakosi mmoja wa kulalamika kwamba ameonewa. Alikuwa anashinda, eti. Meza yake imejaa, mwenzake hana kitu, imebaki zamu moja tu mambo yaishe. Halafu mwenzake akalipa mana nne, akaweka Wrath of God, na kila kiumbe kilichokuwa mezani kikaenda kaburini. Basi jamaa ananuna. Karata ya kihuni hii! Ifungiwe!

Ifungiwe kwa kosa gani?

Kwa wasiocheza, nieleze kidogo. Magic ilibuniwa na Mmarekani Richard Garfield, ikatolewa mwaka 1993 na kampuni ya Wizards of the Coast. Kwa mchezo wa kawaida kila mtu ana deki ya karata 60 au zaidi, anaanza na pointi 20 za uhai na karata 7 mkononi, na kila zamu anachota moja. Unaweka ardhi, ardhi inakupa mana, kwa mana unaleta viumbe, viumbe vinampiga mwenzako mpaka pointi zake ziishe. Wrath of God imo tangu seti ya kwanza kabisa. Inaua viumbe vyote, vyako na vyake, haichagui. Sisi karata za namna hii tunaziita mafagio, na ukoo wake ni mkubwa: Damnation ya mwaka 2007, Day of Judgment ya 2009, Supreme Verdict ya 2012, Sunfall ya 2023. Day of Judgment ilirudishwa tena mwaka 2024 kwenye seti ya Foundations.

Kwa maneno mengine, fagio lina umri wa zaidi ya miaka 30. Wengi wetu tumelikuta. Sasa ndugu yangu, unashtushwaje na kitu kilichokuwepo kabla wewe hujajua kusoma?

Nenda kijiweni wanapocheza drafti. Mtu anakusogezea kete moja, sheria inakulazimisha uile, ukishakula yeye anakula zako tatu na kuingia king. Umewahi kusikia mtu anasema hiyo ni dhuluma? Watu wanakucheka tu, na kesho unarudi ukiwa na macho. Kwa nini kwenye Magic tunataka tuhurumiwe?

Tuanze na hao wanaonuna. Ukimwaga viumbe vinne mezani na mwenzako akavifagia kwa karata moja, amefanya biashara ya moja kwa nne. Ukiwa umeweka viwili, amefanya ya moja kwa viwili, na wewe bado una viwili mkononi vya kuanza navyo upya, huku yeye ametumia mana zake za zamu nzima. Karata ni ile ile. Mana ni zile zile nne. Bei aliyokulipisha umeipanga wewe mwenyewe. Kulikwepa fagio hakuna maana ya kuomba Mungu asiwe nalo. Maana yake ni kumbana mpaka alazimike kulitumia, lakini alitumie kwa hasara.

Mpaka hapo najua wapo wanaotikisa kichwa kukubali. Wale wajuzi, wale wanaowafundisha wanaoanza: "Usiweke viumbe zaidi ya viwili, utafagiwa." Jamani, na nyie nina ugomvi nanyi. Tena mkubwa zaidi.

Maana huo ushauri wenu ni woga uliovaa suti. Mnawafundisha watu kuketi na karata nzuri mkononi, zamu baada ya zamu, wakimwogopa mtu ambaye huenda mkononi ana ardhi tupu. Mwenzako akikufanya usiweke viumbe kwa kuogopa fagio asilokuwa nalo, ameshalicheza. Amelicheza bure, bila mana, na kesho atalicheza tena. Wazee walisema akiba haiozi. Kwenye Magic inaoza. Ukifa na viumbe vitatu mkononi, hakuna atakayekurudishia. Sisi waandishi tunalijua hili vizuri: habari ukiikalia mno ukisubiri iive, asubuhi unaikuta kwenye gazeti la jirani.

Sasa nani yuko sahihi, anayemwaga au anayebana? Hakuna. Wote wawili wamekataa kupiga hesabu. Naomba tupige pamoja, si ngumu.

Mwenzako ana pointi 12 na hana kiumbe cha kukuzuia. Wewe una viumbe viwili mezani, kila kimoja kinapiga 3. Zamu hii unapiga 6, anabaki na 6. Zamu ijayo unapiga 6, amekwisha. Mkononi una viumbe vingine viwili. Ukiviweka sasa, atakufa lini? Zamu ijayo ile ile, maana kiumbe kilichoingia leo kwa kawaida hakishambulii leo. Kwa hiyo hujaharakisha chochote. Umemwongezea tu fagio lake chakula. Hapo bana, tena bana bila aibu.

Geuza kidogo. Mwenzako ana pointi 18, wewe una kiumbe kimoja tu cha 3 mezani, na viwili kama hicho mkononi, na mana za kuviweka vyote unazo. Ukibana, utahitaji mashambulizi sita. Ukiviweka vyote leo, unapiga 3, halafu 9, halafu 9: mashambulizi matatu, kwisha kazi. Huyo "mwenye busara" aliyebana amempa mwenzake zamu tatu zaidi, yaani karata tatu zaidi za kutafutia hilo hilo fagio analoliogopa! Na ardhi tatu zaidi za kuchezea makubwa kuliko fagio. Hii ndiyo busara?

Kwa hiyo kabla hujaweka kiumbe, jiulize hivi: hiki kinapunguza idadi ya zamu alizobakiza mwenzangu? Kama hakipunguzi, kiache mkononi. Kama kinapunguza, una sababu nzito ya kukiweka, na hapo ndipo unapima uwezekano.

Na uwezekano nao unahesabika. Deki yenye karata 60 ikiwa na mafagio manne, na huo ndio mwisho unaoruhusiwa kwa karata ya jina moja, mpaka zamu yake ya nne mwenzako ameona karata 10 kama ndiye aliyeanza, au 11 kama ameanza wa pili. Nimepiga hesabu: nafasi ya kuwa na angalau fagio moja ni asilimia 53 kwa karata 10, na 57 kwa karata 11. Akiwa na mafagio mawili tu kwenye deki, inashuka mpaka 31 na 34. Huyo wa kwanza mheshimu. Huyo wa pili, mara mbili kati ya tatu unamwogopa bure.

Tena mtazame mwenyewe. Zamu ya pili hakuweka kitu, ya tatu hakuweka kitu, unampiga na wala hahangaiki, sasa ana ardhi nne na mbili kati yake ni nyeupe. Huyo anasubiri nini, daladala? Lakini kama naye amejaza viumbe vyake, mara nyingi hana fagio, kwa sababu angejifagia mwenyewe. Hapo unaogopa kivuli.

Na liko jambo ambalo wengi hawataki kulisikia. Ipo michezo ambayo akiwa na fagio umekwisha tu, ubane usibane. Michezo hiyo, cheza kana kwamba hana. Akiwa nalo, ungekufa hata hivyo. Asipokuwa nalo, umeshinda. Kubana hapo ni kuchagua kufa polepole.

Halafu mafagio hayafanani, lakini watu wanayakwepa yote kwa namna moja. Anger of the Gods ya mwaka 2013 inampiga kila kiumbe 3, kwa hiyo kiumbe chenye ukakamavu wa 4 kinabaki kimesimama. Mbele ya hiyo, jaza meza na vikubwa. Settle the Wreckage ya 2017 inaviondoa vile vinavyoshambulia tu, kwa hiyo hapo meza inaweza kujaa, ila usishambulie na vyote. Wrath of God yenyewe huchezwa kwenye zamu ya mwenyewe tu, kwa hiyo ardhi kama Mutavault ya mwaka 2008, inayogeuka kiumbe unapoilipia na baadaye kurudi kuwa ardhi, haiguswi. Collected Company ya 2015 unaicheza mwishoni mwa zamu yake, baada ya yeye kumaliza mana zake. Duress ya 1998 inakuonyesha mkono wake na kumnyang'anya fagio kabla hajalitumia. Majibu yapo tele. Anayesema hakuna la kufanya hajafungua deki yake akaitazama.

Nayasema haya kwa sababu kwenye kikundi ninachocheza nacho imeletwa hoja kwamba mafagio yote yapigwe marufuku, "ili kila mtu afurahi." Kila mtu nani? Yapo mafahali wanaopenda kumaliza mchezo zamu ya tano, na wapo wenzetu wawili wenye deki za polepole, wanaojenga, wanaofikiria. Ondoa fagio, hao wawili hawana mlango wa kutokea. Watacheza wiki mbili tatu wakipigwa, watachoka, wataacha kuja. Hatutasema tumewafukuza, tutasema wamepata kazi nyingi. Na hata hao mafahali watapoteza, kwa sababu bila fagio swali la niweke au nisiweke linakufa. Kila mtu ataweka kila kitu kila zamu, aliyeanza atashinda, na sisi tutabaki tunageuza karata kama mashine. Mimi kura yangu ni hapana, hata nikibaki peke yangu.

Ninyi mnaotaka lifungiwe, nawaomba jambo moja dogo. Michezo kumi ijayo, kabla ya kuweka kiumbe cha tatu, hesabuni zamu alizobakiza mwenzenu. Vidole vinatosha. Halafu ndiyo mje tuzungumze habari ya marufuku.

Mwenye hoja ya kunipinga aje nayo, namkaribisha. Ila aje na hesabu, machozi aache nyumbani.