Chakula cha Njiani Huko Japani: Tule Nini, na Tuulize Nini?

Mwezi huu tumeona vema tuzungumze juu ya jambo ambalo baadhi ya watu watalidhania kuwa ni la anasa tu, nalo ni matembezi ya jioni ya kuonja vyakula vya njiani katika miji ya Japani. Lakini jambo hili lina uzito wake. Vijana wetu wa Kiislamu, wake kwa waume, huenda Japani kusoma na kufanya kazi, na wazee wengine huwafuata kuwazuru. Na aghalabu wema wa kwanza wanaotendewa na wenyeji wao ni kualikwa kutoka jioni kwenda kula. Hapo ndipo mtu hukutana na mtihani asiouzoea. Kwetu Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, mtu husimama mbele ya mchoma mishkaki akala bila ya kuuliza neno, kwa kuwa ana hakika ya nyama na ana hakika ya mwenye kuichoma. Ugenini mambo sivyo.

Katika hali hiyo watu hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza hufumba macho likala kila linalopewa, likijitetea kwa ile methali isemayo, "Ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho." Methali hiyo ina mahali pake, lakini katika halali na haramu haina kazi. Kundi la pili hukata shauri kwamba kila kilichopikwa na Mjapani ni kibaya, likajifungia chumbani na mkate na mayai, na wenyeji wakadhani kuwa Muislamu ni mtu asiyependa kukaa na wenziwe. Sisi twaona kuwa njia iliyo sawa imo katikati: mtu ajue, kisha aulize, kisha ale au aache kwa uzuri.

Basi kwanza tujue. Desturi ya kula njiani si ngeni katika nchi ile. Katika mji wa Edo, ambao leo waitwa Tokyo, vibanda vya njiani viliwalisha mafundi na wachukuzi tangu zamani. Sushi ya kufinyangwa kwa mkono, ambayo leo huuzwa kwa bei kubwa katika mahoteli ya dunia nzima, ilikuwa chakula cha vibandani mwanzoni mwa karne ya 19. Tempura nayo, yaani samaki na mboga zilizovikwa unga na kukaangwa, ilipikwa nje kwa sababu mji ule ulikuwa wa nyumba za mbao, na watu waliogopa moto wa mafuta. Nao walikuwa na haki ya kuogopa, kwani mwaka 1657 moto mmoja uliteketeza sehemu kubwa ya mji na kuua watu maelfu kwa maelfu.

Siku hizi vibanda vya magurudumu vimepungua sana. Mji uliobaki na sifa hiyo ni Fukuoka, huko kusini, wenye vibanda karibu mia moja, na baraza ya mji ilivitungia sheria maalumu mwaka 2013 ili visipotee. Lakini chakula mashuhuri cha vibanda vile ni tambi katika supu ya mifupa ya nguruwe, kwa hivyo Muislamu hana sehemu hapo. Na tuuache mji huo, tufuatane mpaka Osaka, mji ambao Wajapani wenyewe tangu zamani waliuita jiko la nchi yao.

Matembezi ya jioni ya Osaka aghalabu hupita Dotonbori, mtaa ulio kandokando ya mfereji uliomalizika kuchimbwa mwaka 1615. Wageni wachache hufuatana na mwongozi, naye huwapeleka kibanda hadi kibanda, akiwaeleza kila chakula na kuwafasiria maneno ya wauzaji. Inafaa msomaji ajue kwamba zamani mtu hakuruhusiwa kuwaongoza wageni kwa malipo, akisema lugha yao, ila awe amefaulu mtihani wa serikali. Lakini sheria hiyo ilibadilishwa mwezi wa Januari 2018, na sasa mtu yeyote aweza kuifanya kazi hiyo. Kwa hiyo wako waongozi wenye elimu nyingi, na wako wanaojua njia tu. Mtu asimtegemee mwongozi amchungie dini yake. Amweleze mapema, kabla ya siku ya matembezi, kwamba hali nguruwe, hanywi wala hali kilichotiwa pombe, na nyama haili ila iliyochinjwa kwa sharia. Akielezwa mapema ataweza kuchagua njia nyingine. Akielezwa mbele ya kibanda, atafadhaika yeye, na mgeni wake ataona haya.

Chakula cha kwanza atakachokutana nacho ni takoyaki. Mtu wa pwani akikiona kitapikwa atacheka kwa furaha, kwani chombo chake ni chuma chenye mashimo ya duara, mfano wa chuma chetu cha vitumbua. Mpishi hupaka mafuta, humimina uji wa unga wa ngano na mayai, akatia kipande cha pweza katika kila shimo, na kwa ncha ya kijiti huvigeuza upesi upesi mpaka viwe mviringo kama mipira midogo. Juu yake hupaka mchuzi mzito mweusi, na hunyunyiza unga wa mwani na maganda membamba ya samaki mkavu wa jamii ya jodari, ambayo hutikisika kwa mvuke kana kwamba yu hai. Inasimuliwa kuwa chakula hiki kilianza hapo Osaka mwaka 1935. Ndani yake ni laini na ni moto sana, basi mwenye pupa huungua ulimi.

Je, twaweza kukila? Ama pweza, sisi wafuasi wa Imamu Shafi twamla, na katika pwani yetu auzwa jioni kila mahali. Lakini ndugu zetu Mahanafi hawamli, na Mashia Ithnaasheri hali kadhalika. Ama supu iliyochanganywa na unga, asili yake ni samaki mkavu na mwani, wala haina ubaya. Ya kuulizwa ni mawili: mafuta yaliyopakwa chumani ni ya mimea au ya nguruwe? Na ule mchuzi mweusi umetengenezwa kwa vitu gani? Maana michuzi mingine ya namna hiyo hutiwa asili ya nyama.

Mbele kidogo pana mishkaki ya kuku, iitwayo yakitori, nayo huchomwa juu ya makaa na kunukia kama ile ya kwetu. Hapa ndipo wengi huteleza. Wajapani hutengeneza mishkaki hii kwa namna mbili: kwa chumvi tupu, au kwa mchuzi mtamu. Mchuzi ule hutiwa mirini, ambayo ni kiungo kitamu cha mchele chenye kiasi cha sehemu 14 za ulevi katika kila mia, na mara nyingi hutiwa pia pombe ya mchele iitwayo sake. Mtu huambiwa, "Basi chukua ya chumvi," naye akaridhika. Lakini chumvi imeondoa shaka ya mchuzi tu. Shaka ya kuchinjwa ingalipo. Wajapani walio wengi si Ahlul-Kitabu, na kuku wao hawachinjwi kwa sharia yetu. Mwenye hamu ya yakitori na atafute duka lenye nyama ya halali. Yako Osaka, yako na Tokyo.

Katika mtaa wa Shinsekai kuna kushikatsu, yaani vijiti vya nyama, samaki na mboga vilivyovikwa chenga za mkate na kukaangwa. Mtu huenda akasema, "Mimi nitakula bilingani tu." Haya, lakini bilingani lile limeingia katika mafuta yale yale yaliyokaangia nguruwe. Vivyo hivyo okonomiyaki, ile chapati nene ya kabichi na mayai: hata ikiagizwa bila nyama, hupikwa juu ya bamba lile lile la chuma ambalo dakika iliyopita lilikuwa na vipande vya nguruwe.

Msomaji asikate tamaa, kwani yako mengi mazuri yasiyo na mashaka makubwa. Kuna viazi vitamu vilivyookwa polepole katika mawe ya moto, navyo ni vitamu kama asali. Wakati wa baridi huuzwa katika magari madogo yapitayo mitaani yakiimba wimbo wa kuviita. Kuna njugu za miti za kuoka, na mahindi ya kuchoma, ambayo mtu ataomba yasipakwe mchuzi. Kuna samaki wa kuchoma kwa chumvi. Kuna taiyaki, keki yenye umbo la samaki iliyojazwa maharagwe madogo mekundu, jamaa ya kunde zetu, yaliyosagwa na sukari. Hapo huulizwa mafuta ya chumani tu. Na wakati wa joto kuna barafu iliyoparuzwa na kutiwa maji matamu ya matunda au chai ya kijani.

Sasa tuseme juu ya kuuliza. Kuuliza si ujinga, na wala si utovu wa adabu ikiwa mtu anauliza kwa upole. Aanze kwa kusema "Sumimasen", yaani samahani, kisha aseme, "Butaniku haitte imasu ka?" maana yake, je, ndani mna nyama ya nguruwe? Halafu aulize hivyo hivyo juu ya raado, yaani mafuta ya nguruwe, na juu ya mirini na sake. Muuzaji wa Kijapani huona aibu kumdanganya mgeni, na akiwa hana hakika mara nyingi husema kuwa hana hakika. Hapo na tuache, tushukuru, twende zetu.

Tena mtu asidanganyike na vibao. Serikali ya Japani haina chombo chake kimoja cha kutoa shahada ya halali. Shahada hizo hutolewa na jumuiya mbali mbali. Na duka likiandika kuwa lina urafiki na Waislamu, huenda maana yake ni kwamba haliuzi nguruwe, lakini pombe ingalimo. Kibao kisomwe, kisha mwenye duka aulizwe.

Yako pia mambo ya adabu ambayo Muislamu atayaona si mageni. Wajapani hawapendi mtu kula huku akitembea; desturi ni kusimama au kuketi karibu na kibanda mpaka umalize, na mji wa Kamakura ulitunga kanuni ya kuwaomba watu waache tabia hiyo mwaka 2019. Mapipa ya takataka ni haba barabarani. Kijiti na karatasi humrudishia muuzaji, au huchukua mwenyewe mpaka nyumbani. Katika kushikatsu, panapo chombo kimoja cha mchuzi kwa watu wote, ni mwiko kuchovya mara ya pili kijiti ulichokwisha kukiuma. Kabla ya kula husema "Itadakimasu", neno la kushukuru kwa kupokea. Sisi nasi tuna Bismillahi yetu, na hakuna atakayechukia kuisikia. Je, sisi wenye mafunzo ya usafi na ya kula kwa utulivu, tutapendezewa kuona ganda letu ndilo lililobaki limetupwa chini?

Neno la mwisho ni la sala. Matembezi ya jioni huangukia Magharibi, na jua la Osaka si kama la kwetu ambalo huchwa karibu wakati ule ule mwaka mzima. Mwezi wa Juni huchwa kiasi cha saa moja na robo, na mwezi wa Desemba huchwa kiasi cha saa kumi na moja kasoro robo. Kwa hiyo mtu atazame saa yake kabla ya kujiandikisha, na msafiri ana ruhusa zake, ambazo ni juu yake kuzijua kwa masheikh kabla ya kupanda ndege. Na apatapo nafasi, achukue treni mpaka Kobe, mwendo wa nusu saa tu, akausali msikiti wa kwanza wa Japani. Ulijengwa mwaka 1935, mwaka ule ule wa takoyaki, kwa michango ya wafanyabiashara wa Kihindi, wa Kitatari na wa Kiarabu. Ukasalimika mabomu ya 1945 yalipouangamiza mji, ukasalimika tetemeko la 1995. Watu wale walikuwa wachache, katika nchi isiyojua halali ni nini, na hawakujificha wala hawakuacha dini yao.

Wazazi wenye watoto wanaojiandaa kwenda huko, wawasomee haya mezani wakati wa chakula, na wawafundishe yale maneno manne ya kuuliza mpaka yawe mepesi midomoni. Kijana aliyezoea kuuliza mbele ya mamaye hataona haya kuuliza mbele ya wageni. Mwenyezi Mungu atuhifadhie vijana wetu popote walipo, na atujaalie sote riziki iliyo njema. Amin.